Kiboko Hakai Hapa

Mama Kidoti alianguka kutoka juu ya stuli Jumamosi mchana, mkono wa kushoto ukatangulia sakafuni, na majirani wote walisikia. Walisikia pia kilichotangulia. Kwa muda mrefu kabla ya kishindo kile, sauti ya mumewe ilikuwa ikipenya ukutani: "Utanijibu leo. Nimesema utanijibu." Kisha kishindo, kisha ukelele wa mwanamke, kisha kimya. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vilivyopangwa mstari mmoja na kuta nyembamba kama kadi ya harusi. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanamwombea afya.

Mumewe alikuwa mpiga gitaa la besi. Wanamuziki wenzake walimwita Nyuzi, na kwa jina hilo alikuwa amepiga kwenye kumbi na harusi tangu hajaota ndevu. Siku moja kampuni ya kutengeneza tamthilia ilikodi bendi yao ionekane nyuma ya waigizaji katika sherehe ya kubuni. Mwongozaji akamwona yule mpiga besi amesimama kando, mrefu, kimya, nyusi zimekutana, akasema, "Yule. Hebu aje anitazame kwa hasira." Nyuzi akamtazama. Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanzia. Alipewa nafasi ya mume katili aitwaye Kiboko, mwanamume anayempiga mkewe runingani kila wiki, saa ambayo kila nyumba imekaa kula.

Aliifanya vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Watoto wa mtaani walikuwa wakija kuchungulia mlangoni wakiuliza kama Kiboko yupo. Mama Kidoti, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi wa utani, aliwajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Kiboko hakai hapa. Hapa anakaa Baba Kidoti, na sasa hivi anaosha vyombo." Mara nyingi ilikuwa kweli.

Siku ile hapakuwa na utani. Nyuzi aliutupa mswada wa tamthilia, akapiga magoti karibu na mkewe, akaona mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alipofungua mlango kutafuta gari, majirani walikuwa wamesimama barazani. Hakuna aliyeuliza kumetokea nini. Walimpisha tu, kama watu wanavyompisha mbwa wasiyemwamini.

*

Hospitali ilikuwa imejaa. Nyuzi alimketisha mkewe kwenye benchi, akavua shati akamfunika nalo mkono uliovimba, mwenyewe akabaki na fulana. Mwanamke mmoja aliyepakata mtoto alimtazama Nyuzi, akautazama ule mkono, akasogea hadi mwisho wa benchi.

"Si yule wa kwenye runinga?" mtu alinong'ona.

"Ndiye. Kumbe haigizi."

Kijana mmoja akatoa simu, akajifanya anasoma ujumbe.

Nesi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Alimwinua Mama Kidoti kwa kumshika bega zima, na Nyuzi alipotaka kuwafuata akamzuia mlangoni.

"Wewe baba utasubiri nje."

"Mimi ni mume wake."

"Najua wewe ni nani. Subiri nje."

Ndani, nesi alivuta pazia, akakaa karibu. "Haya, mdogo wangu. Imekuwaje?"

"Nilikuwa nashusha furushi la vitambaa juu ya kabati. Stuli ikayumba, nikaanguka."

"Stuli." Nesi alisafisha miwani kwa pindo la nguo. "Wiki hii nimempokea aliyegongana na mlango, na aliyeteleza bafuni. Jana kaja aliyeanguka kwenye ngazi, na nilipomuuliza, nyumba yao haina ngazi. Humu tuko wawili tu."

"Nimeanguka, dada. Nakwambia kweli."

"Yeye alikuwepo?"

Mama Kidoti alikawia kujibu. "Alikuwepo. Alikuwa anajifunza maneno yake ya kazi."

Kule kukawia nesi alikuona, akakuweka moyoni. Hakuwa mtu mbaya wala mmbea. Alikuwa amewaona wengi mno waliojibu vilevile, na wengine aliwaona tena wakiwa hali ya kutoweza kujibu kabisa. "Ukibadili mawazo," alisema huku akimpeleka kupigwa picha ya mfupa, "niulizie mimi. Usiongee na mwingine."

Walipotoka, mkono ukiwa ndani ya plasta hadi juu ya kiwiko, picha ya Nyuzi akiwa na fulana mlangoni pa chumba cha majeruhi ilikuwa imekwisha zunguka. Chini yake mtu ameandika: Kiboko ahamishia kazi nyumbani.

*

Kesho yake asubuhi alifika kaka yake Mama Kidoti, dereva wa lori, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Nyuzi alimsogezea kiti.

"Karibu ukae, shemeji."

"Nimekaa njia nzima."

Akabaki amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akiitazama plasta ya dada yake. "Haya, nieleze mbele ya huyu bwana. Usimwogope mtu."

"Kaka, nimeanguka. Nimekwambia kwenye simu."

"Jirani yako naye kanipigia simu. Kasikia kwa masikio yake."

"Alisikia mazoezi."

"Mazoezi gani yanavunja mkono?"

"Shemeji," Nyuzi aliingilia, "mimi na wewe tumejuana kabla hatujaota mvi. Umewahi kusikia nimeinua mkono juu ya dada yako?"

"Ningekuwa nimewahi kusikia, nisingekuja na kofia tu mkononi."

Mama Kidoti alitaka kucheka, maumivu yakamkatisha. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini dereva alimwona Kidoti, mtoto wao wa pekee, msichana wa darasa la tatu, amesimama nyuma ya cherehani akishika gurudumu lake. Alichuchumaa.

"Njoo kwa mjomba. Hebu niambie, baba humpiga mama?"

Mtoto alimtazama mama, akamtazama baba, kisha akatazama vidole vya miguu yake. Watu wazima watatu walingoja neno moja jepesi.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi, nawe unakaa humu?"

"Akianza kufoka huniambia nitoke nje."

Ilikuwa kweli tupu. Kila Nyuzi alipotaka kufanya mazoezi alimtoa mtoto nje ili asiyasikie matusi ya Kiboko, na alijiona baba mwema kwa kufanya hivyo. Hakuwahi kujiuliza mtoto anafanya nini huko barazani. Kidoti alikuwa akikaa chini ya dirisha, vidole masikioni, na yale asiyoyaona alijazia mwenyewe kwa yale aliyoyaona runingani kwa jirani.

"Hapana, Kidoti," Nyuzi alisema. "Yalikuwa maneno tu. Baba alikuwa anasoma."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, haraka, kama mtu anayekubali ili yaishe. Kuitikia kule kulimuumiza Nyuzi kuliko jibu lenyewe.

Dereva aliinuka, akavaa kofia. "Fungasheni vitu vyenu. Mtakaa kwangu mpaka mkono upone. Baada ya hapo tutazungumza."

Nyuzi alimgeukia mkewe, akitegemea atasema neno, hata la utani. Mama Kidoti aliangalia dirishani kitambo. Kisha akamwambia mtoto alete mfuko wa nguo.

*

Jumamosi iliyofuata bendi ilikuwa na kazi ya harusi katika ukumbi mkubwa. Nyuzi alipofika na gitaa lake mgongoni, kiongozi wa bendi, mzee wa tarumbeta aliyemfundisha kazi, alimvuta kando ya jukwaa.

"Mdogo wangu, upande wa bibi harusi wamenipigia. Hawataki kuiona sura yako. Wanasema ni nuksi kwa ndoa changa."

"Basi nirudi nyumbani?"

"Besi nitampa nani saa hizi? Nimewabembeleza, wamekubali usikike lakini usionekane."

Wakamwekea kiti nyuma ya spika, mahali penye nyaya na masanduku matupu. Nyuzi akapiga kutoka huko. Alijua wimbo gani unafuata kwa kusikia tu kiongozi anavyovuta pumzi. Watu walicheza, sakafu ikatetemeka, na mtetemo ule ulikuwa wake, lakini hakuna aliyemjua mwenye nao.

Wakati wa mapumziko mpishi mmoja mwenye huruma alimletea sahani. Alikuwa ametia tonge la kwanza mdomoni pale shangazi wa bibi harusi alipozunguka nyuma ya spika akitafuta viatu vyake. Alisimama ghafla.

"Kumbe upo. Na chakula cha harusi yetu unakila?"

Tonge lilimkaa Nyuzi shavuni. Hakuweza kulitema mbele ya mwanamke wa heshima, na kumezeka liligoma. Shangazi aliokota viatu vyake, akaondoka. Nyuzi akaiweka sahani chini, juu ya sanduku la spika, na haikuguswa tena.

Walipokuwa wakikunja nyaya, mzee wa tarumbeta alimshika bega. "Pumzika kidogo. Ngoja vumbi litulie."

"Litatulia lini?"

"Vumbi halina ratiba, ndugu yangu."

Kwa hiyo ilibaki tamthilia peke yake.

*

Mwongozaji alimpokea kwa bashasha. Alikuwa mtu mwembamba asiyetulia kitini, aliyezungumza kana kwamba mtu mwingine anamngoja mlangoni.

"Hatujawahi kupata watazamaji kama wiki hii. Watu wanakuchukia mpaka raha. Kaa, kaa. Mama anaendeleaje?"

"Yuko kwa kaka yake."

"Vizuri. Maana yake, pole. Sasa sikiliza. Kituo kina kile kipindi cha mazungumzo. Nimezungumza nao. Wewe na mkeo mkae pale mbele ya kamera, yeye na plasta yake, aseme kwa kinywa chake: mume wangu hajanigusa. Kisha umshike mkono, ule mzima. Wewe unasafishika, sisi tunapata watazamaji. Nani anakosa hapo?"

Nyuzi alifikiri. Kusema kweli maneno yale yalimtia matumaini. Alikuwa amechoka kupishwa njiani. Aliona sura ya nesi mbele ya runinga, na ya shangazi wa bibi harusi, na ya jirani.

"Na kama hataki?"

"Mlazimishe kidogo. Wewe si ndiye mume?"

Mwongozaji hakukumbuka, kwa kuwa mswada uliandikwa na wengine, lakini Nyuzi alikumbuka. Maneno hayohayo Kiboko aliwahi kuambiwa na rafiki yake wa baa, katika sehemu iliyowafanya watazamaji watoe machozi.

*

Alimkuta dereva uani kwake, amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Mke wa dereva alimletea Nyuzi kiti, akakiweka nje, mbali na mlango. Mama Kidoti akatoka, akaketi kwenye kizingiti. Wakasalimiana kama watu waliokutana kituoni.

Nyuzi alimweleza habari ya kipindi. Alieleza vizuri, bila kushurutisha, na alipomaliza akaongeza, "Ni kusema kweli tu. Hakuna uongo ndani yake."

"Hukunigusa," Mama Kidoti alisema. "Hilo nitalisema popote."

"Basi twende tukaseme."

"Ngoja nimalize. Unakumbuka siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Mbele ya kioo. Nilikuwa natazama uso wangu."

"Mimi nilikuwa nyuma yako, juu ya stuli. Ukageuka. Ulikuwa umeinua mkono, na ile sura umeivaa. Nilijua ni maneno ya kwenye karatasi, nilikuwa nimeyasikia wiki nzima mpaka nayajua kuliko wewe. Kichwa kilijua. Mwili haukujua. Nikajikinga uso kwa mikono miwili, na mtu aliye juu ya stuli akiachia kabati ajikinge uso, hana pa kushika."

Nyuzi alibaki na mikono juu ya magoti. Chini ya lori, sauti ya spana ilikuwa imenyamaza, kisha ikaendelea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Hospitalini? Mbele ya kaka? Wangekula nyama yako mbichi." Alishusha sauti. "Si siku ile tu. Siku hizi ukiuliza chumvi iko wapi, nangoja kinachofuata. Hakifuati kitu. Unakwenda kuichukua mwenyewe, na unanipa mimi kwanza. Lakini nimeshangoja, Baba Kidoti. Kule kungoja kunachosha."

"Mimi sijabadilika."

"Najua. Ndiyo maana sikupata neno la kumwambia mtu."

Kuku mmoja alipita katikati yao, akatazama huku na huku, akaenda zake.

"Nikienda huko wataniuliza, alikupiga?" Mama Kidoti aliendelea. "Nitasema hapana. Watapiga makofi. Na Kidoti atakuwa anatazama, na atajua mama yake amesema nusu."

Nyuzi aliinuka. Mama Kidoti alidhani anaondoka kwa hasira, lakini alikwenda kwenye lori, akachuchumaa karibu na ile miguu.

"Shemeji, nina neno."

Dereva alijivuta nje, uso umepakaa grisi. Nyuzi akamwambia yote, kuanzia kioo mpaka sakafu, bila kupunguza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Dereva alisikiliza akifuta vidole kimoja kimoja.

"Yaani hukumpiga."

"Sikumpiga."

"Lakini kaanguka kwa kukuogopa."

"Ndiyo."

"Hayo mengine nilikuwa sijui. Ungeweza kuniachia nisijue."

"Ningeweza."

Dereva alimtazama sana. "Jumapili ile ungeniapia kwa Mungu, ningekuona mwongo. Leo umeniambia hivi, sijui nikuone nani." Alirudi chini ya lori. Baada ya kitambo mkono wake ulitokea. "Nipe spana ile kubwa. Kisha ushike hapa, usiachie mpaka nikwambie."

Nyuzi akashika mpaka jua likapungua, na shati lake jeupe la kwendea kwa mwongozaji likaharibika.

*

Aliiacha tamthilia. Mwongozaji hakumfukuza wala hakumbembeleza. Alimkumbusha mkataba, na kwamba malipo ya mwisho hayatatoka, kisha akasema, "Nitamweka mwingine. Watu watanung'unika kidogo, halafu watazoea." Wakazoea. Akaletwa mwanamume mwenye mashavu na sauti ya puani, na Kiboko akaendelea kumpiga mkewe kama kawaida. Nyuzi alijifunza jambo ambalo hakulipenda: hata katika ubaya wake alikuwa si wa lazima. Na mtaani bado walimwita Kiboko. Muuza duka alimuuliza mbona siku hizi runingani amenenepa.

Bendi nayo haikumwita. Alishinda nyumbani akipika chakula cha mtu mmoja, kila mara kikizidi. Hatimaye mzee wa tarumbeta alimpeleka studio kwa mwimbaji mmoja, msichana aliyekuwa anaanza kupata jina, aliyetaka besi ya mkono halisi, si ya kompyuta. Nyuzi akapiga, msichana akafurahi, akataka aonekane na kwenye video yake. Mpiga picha akakataa.

"Ule uso ukiingia, wimbo wote unageuka kesi," alisema, Nyuzi akiwa amesimama palepale. "Tuchukue mikono tu."

Wakamkalisha gizani, wakamulika nyuzi za gitaa na vidole. Nyuzi akakubali. Mtu anayetafuta kazi hachagui ni kiungo kipi cha mwili kitakachoajiriwa.

*

Kila Jumapili alikwenda kwa dereva. Siku ya kwanza alikaa kwenye kile kiti cha mbali. Baadaye kiti kikasogea, na hakuna aliyejua nani alikisogeza. Plasta ilikuwa imetolewa. Mkono wa Mama Kidoti ulibaki mwembamba kuliko mwenzake, na alikuwa akiuzoesha kwa kukamua nguo.

Jumapili moja, saa za alasiri, watoto wa dereva walikuwa wamebanana barazani juu ya simu ya mama yao wakitazama video ya yule msichana. Kidoti alikuwa katikati.

"Huyo ni baba yangu," alisema.

"Yuko wapi? Hapo kuna mikono tu," binamu yake alibisha. "Utajuaje?"

"Namjua. Anapiga dole gumba limeinuka, hivi." Akauinua mkono wake, akaonyesha. "Rudisha nyuma uone."

Wakarudisha. Binamu akaja mpaka kwenye kiti cha Nyuzi, akamshika mkono bila kuomba ruhusa, akalikagua dole gumba kama mnunuzi, akarudi kwa wenzake akasema ndilo. Kidoti alimtazama baba yake kwa mbali, akacheka kidogo, akarudi kwenye simu.

Mama Kidoti alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Alivuta mkeka akaketi chini, karibu na miguu ya mumewe.

"Kesho kaka anapeleka lori tupu upande wa kwetu," alisema. "Njoo mapema tupakie mizigo, turudi nyumbani."

Nyuzi alifungua kinywa. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa wiki nyingi, na mengine yalikuwa mazuri.

"Usiape," mkewe alimwahi. "Ulipoiacha ile kazi nilidhani na mimi nitaacha kushtuka. Sijaacha. Juzi wifi kaangusha sufuria, nimejikuta nimejikinga uso, na wewe hupo hata karibu."

"Basi nifanyeje ikitokea?"

Mama Kidoti alifikiri. Ilionekana hakuwa ameulizwa jambo hilo na mtu yeyote, wala na nafsi yake.

"Usinifuate. Usinibembeleze, wala usiniulize nina nini. Baki hapohapo ulipo, mikono chini, mpaka nikuone ni wewe."

"Inaweza kuchukua muda."

"Itachukua."

"Nitabaki," Nyuzi alisema.

Barazani watoto waliurudisha wimbo mwanzo. Mama Kidoti akanyoosha ule mkono mwembamba, akaushikilia mguu wa kiti ili ainuke, na Nyuzi, aliyetaka kumsaidia, akajizuia, akangoja mpaka mkewe alipomtazama na kumpa mkono mwenyewe.